Sanduku la marehemu wa Magomeni: lihifadhiwe au lichomwe?

Mtoto wa Mapipa
Wakuu, mtaani kwetu Magomeni tumemzika mzee mmoja mwezi uliopita. Jina silitaji. Alikuwa mpambaji wa maharusi tangu miaka ya 80, na alikuwa shoga, kila mtu alijua. Hakuna aliyelisema mbele yake ila yeye mwenyewe, kwa utani. Kaacha sanduku la bati: picha kama mia mbili, kanda za taarabu na daftari la hesabu za harusi. Kwenye picha wamo wenzake, mstari wa mbele kwenye shughuli, kanga sare, wanatunza noti. Mpwa wake anakuja Jumamosi kurudisha chumba kwa mwenye nyumba, na kasema lote analitia kiberiti. Mimi naona ile ni historia ya Dar, mji ule wa kabla wakuja hawajaujaza. Tupige nakala tuziweke mahali, watu wazione. Mnasemaje?

Njombe Kwetu
Hapo kwenye "wakuja" umenikera. Baba kaingia mji huu 1974, mimi nimezaliwa Mwananyamala, nikafie wapi sasa? Nyie wenyeji mliuza viwanja mkala biriani, leo mnalia mji umejaa. Sanduku lichomwe. Hayo mambo ni ya pwani, sisi bara hatuna.

Binti Mshomvi
"Sisi bara hatuna." Nani alikuhesabia, kaka yangu? Na kuhusu kuja, hata Sultani Majid wa Zanzibar alikuja, miaka ya 1860, akajenga majumba yake ubavuni mwa kijiji chetu cha Mzizima. Wewe ni mkuja wa juzi, yeye wa juzi ile. Tofauti yenu yeye alikuja na jahazi.

Njombe Kwetu
Na mimi nilikuja na basi la Scandinavia. Tuendelee.

Binti Mshomvi
Si umesema umezaliwa Mwananyamala? 😂

Mwalimu Mstaafu
Vijana, mnapoteza mada. Aliyesema ni mambo ya pwani, na wengine watakaokuja kusema yameletwa na wazungu, wasome kwanza. Mwaka 1910, hapa hapa Dar, gazeti la walowezi wa Kijerumani lilimwandama Gavana Rechenberg kwa tuhuma za kulala na wanaume, na mwenye gazeti akaishia mahakamani. Mji mzima ulizungumza habari hiyo. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza mambo hayo, nacho ni cha Mwingereza, sisi tulichoongeza ni uzito: SOSPA, ile sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, miaka 30 mpaka maisha. Kwa hiyo hata ukichukia, ni historia, na ina tarehe.

Mzee wa Gongo la Mboto
Mwalimu umejifunga mwenyewe. Gavana mzungu! Si ndiyo hayo tunayosema, walileta wao?

Mwalimu Mstaafu
Alituhumiwa, mzee. Na unafikiri walowezi walihofia nini hasa? Waliandika kuhusu watumishi wake Waafrika. Nasema tu, ukifungua kabati la huyo mzungu utakuta na mtu wa mtaa wetu wa Gerezani ndani.

Mama Pacha
Mie langu ni hilo neno. Shoga ni neno letu wanawake! Nina shoga yangu tangu darasa la tatu. Juzi nimemwita "shogaa" kwenye daladala, abiria wote wakageuka, konda akacheka mpaka akasahau kudai nauli. Mkihifadhi historia, mturudishie na neno.

Fundi Kanda
Mama Pacha, marehemu na wenzake walilipata kwenu, jikoni na kwenye shughuli zenu, mlipokuwa mnawaita hivyo wenyewe. Haya, tuje kwenye kazi. Mtoto wa Mapipa, hizo kanda usizicheze! Za enzi hizo zikikaa kwenye bati zinaota ukungu mweupe kama unga, ukizitia kwenye redio zinakatika. Zungusha kwanza kwa penseli, polepole, uangalie. Ni za nani?

Mtoto wa Mapipa
Nyingi zimeandikwa TOT, Tanzania One Theatre, kwa kalamu nyekundu. Mbili za Egyptian Musical Club.

Fundi Kanda
TOT ya mipasho! Hapo mzee alikosea, wapinzani wao Muungano walikuwa juu.

Mzee wa Gongo la Mboto
Muungano juu ya nani? Wewe ulikuwepo wapi Khadija Kopa wa TOT akipanda jukwaani?

Fundi Kanda
Nilikuwepo, mbele kabisa, na nilitunza. Huko kwenu Gongo la Mboto umeme ulikuwa umefika?

*(Hapa yamepita majibu ishirini na kitu ya TOT na Muungano. Ruka tu.)*

Wa Ilala
Naomba niseme mara moja. Mimi ni wa humo humo mnamojadili. Oktoba 2018 mkuu wa mkoa alipotangaza kamati ya kusaka mashoga na kuomba watu wampelekee majina, nilichoma picha zangu mwenyewe, nyuma ya choo, usiku. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikasema yale ni maoni yake binafsi. Sawa, lakini picha hazirudi. Mwenye sanduku amekufa. Waliokaa naye mstari wa mbele wengine wapo hai, wana wajukuu, na hakuna aliyewauliza. Mahali hapo mnapotaka kuziweka, ufunguo atakaa nao nani?

Mzee wa Gongo la Mboto
Umeme ulikuwepo tangu 1989 kwa taarifa yako.

Mama Pacha
Wa Ilala pole mwanangu.

Mtoto wa Mapipa
Wa Ilala, hilo sikulifikiria, nakiri. Nilikuwa naona nguo na tabasamu, sikuona sura. Basi nalichukua nikalifunge tu, bila kumwonyesha mtu, mpaka nijue nani ni nani. Daftari halina ubaya, ni hesabu: bi harusi fulani, maua, hina, kiti cha enzi, amelipa nusu.

Njombe Kwetu
Daftari lina majina ya maharusi?

Mtoto wa Mapipa
Lina. Kuanzia 1983. Kwa nini?

Njombe Kwetu
Mama aliolewa 1985, kapambwa na mtu wa Magomeni. Kwenye albamu yetu ile picha imekatwa kwa mkasi upande wa kulia. Umebaki mkono tu begani kwa mama, una bangili mbili. Tukiuliza tunaambiwa ni unyevu.

Mtoto wa Mapipa
Marehemu hakuwahi kuvua bangili zake. Jina la mama?

Njombe Kwetu
Nakutumia pembeni. Usilitoe hilo sanduku kwa mtu kabla ya Jumamosi. Na bado hujaniomba radhi kwa lile la wakuja.