Mnaozima seva ikiwa inaandika dampu (nakala ya kumbukumbu yake ya kuchunguzia kilichoiangusha) na nyie mnaofuta madampu, mnatuua na presha!

Wakuu heshima kwenu, wale tunaoshinda na maseva naombeni mnisikilize maana leo nina hasira mpaka natetemeka.

Sistimu ya mauzo hapa ofisini inadondoka hovyo siku hizi. Ikidondoka inatoka skrini ya bluu na asilimia zinapanda taratibu. Zile asilimia sio urembo jamani! Hapo Windows inachukua vilivyokuwa kwenye RAM (kumbukumbu ya muda) inavimwaga kwenye pagefile (faili la akiba la RAM) ya diski C, halafu ikiwaka tena ndo inakutengenezea faili la MEMORY.DMP, dampu yenyewe hiyo. Sasa mtu wa kaunta akiona foleni imefika mlangoni anakimbilia chumba cha seva, anakandamiza batani mpaka izime, asilimia ndo kwanza 35. Ikiwaka wote wanashangilia, mi nikienda kutafuta dampu hola. Baada ya muda inadondoka tena, batani tena, halafu eti "huyu IT gani hajui tatizo". Nitalijuaje sasa, nipige ramli?

Kukagua mipangilio ndo nikachoka kabisa. Fundi wa kampuni iliyotuuzia sistimu aliitoa pagefile kwenye C eti seva iwe nyepesi. Seva ina RAM ya kumwaga, wepesi gani tena anautafuta? Bila pagefile pale, na hujatenga faili maalum la dampu, hata ungeisubiri mpaka asubuhi usingepata kitu. Nikairudisha, nikachagua dampu ya kernel (kiini cha Windows) tu, maana ukitaka ya RAM nzima C yenyewe haitoshi.

Basi ikadondoka usiku, hakuna mtu, ikamwaga mpaka mwisho ikajiwasha yenyewe. Nafika asubuhi nakuta faili hilo hapo, limenona, nikasema leo kieleweke. Naenda stoo kuchukua diski ya eksteno nilikopi, kurudi faili hakuna. Yule yule fundi kaingia kwa rimoti, kafungua Disk Cleanup (kifagio cha diski cha Windows), katiki kila kisanduku mpaka kile cha dampu. Nampigia ananijibu kwa raha zake "kaka C ilikuwa nyekundu, imejaa, nikakusaidia kuifyagia". Kunisaidia!! Na akaongeza "we ristati tu itakaa sawa".

Wakuu, Julai 2024 kompyuta kama milioni 8.5 za Windows zilianguka duniani kwa ile apdeti ya CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta. Microsoft wenyewe walipoelezea walifungua dampu kwenye WinDbg (programu ya kuchambua dampu), ikaonekana draiva (programu inayofanya kazi ndani kabisa ya Windows) ya CrowdStrike, csagent.sys, imesoma kumbukumbu nje ya mipaka yake. Wenye Windows yao wanafungua dampu, wewe fundi wa kuja na begi unafuta!

Mi nahisi ni draiva ya kadi ya netiweki, ila kuhisi sio ushahidi, na bila ushahidi kampuni yenu itaendelea kuniambia tatizo ni umeme wa kwetu. Watu wa Linux mtaniambia kdump, kihifadhi dampu cha kwenu, najua, inatenga kipande chake cha RAM mapema na kuweka vmcore (faili la dampu) kwenye /var/crash, ila hii sistimu yao inakubali Windows tu.

Na sasa hivi meneja kaniletea meseji, anataka ripoti ya chanzo cha tatizo mezani kabla ya saa kumi. Chanzo si mmekifyagia, nimwandikie nini?