Naomba ushauri: mbegu za mlonge zinatoa madini kwenye maji ya kisima?

Mama Pacha, Kakamega: Hamjambo nyote. Kisima chetu kina miezi minne. Maji hutoka pampuni yakiwa maangavu, lakini yakilala kwenye ndoo hufanya utando wa rangi ya kutu, na chai ya rangi hugeuka nyeusi kama wino. Nimesoma kwamba unga wa mbegu za mlonge na maganda ya ndizi yaliyokaushwa hunasa madini. Je, nitie kiasi gani kwa lita 20?

Fundi wa Pampu, Busia: Dada, hicho ni chuma, na hakionekani mpaka kikutane na hewa. Mimina maji toka ndoo hadi ndoo mara kadhaa, yaache yatulie, kisha uyachuje kwa mchanga uliooshwa. Kisima chetu kilipoanza kutoa maji ya namna hiyo majirani walisema kimerogwa, na tulitumia wiki nzima kuwaeleza.

Nyanya wa Siaya: Mwanangu, mlonge ni mti wa baraka. Maji ya Nzoia yakichafuka wakati wa masika, mimi huyatuliza kwa mbegu hizo. Vijana wa leo hukata miti bila kupanda mingine, kisha hulalamikia maji.

Mwalimu wa Kemia, Nakuru: Kabla ya kutaja kipimo, naomba utueleze kisima kimepakana na nini.

Mama Pacha: Upande wa juu wa mteremko, kama hatua 60, kuna kinu cha kusagia mawe ya dhahabu, na hapo huoshea kwa zebaki. Lakini nimekwisha kununua kilo 10 za mbegu, na fundi amenijazia pipa maganda. Maji tunayachuja humo, na uji wa pacha wangu, wenye miezi minane, tunaupikia hayo hayo baada ya kuyachemsha vizuri.

Msomaji Makini, Kisumu: Samahani, sisadiki. Kwanza ilikuwa chai nyeusi, sasa ni zebaki na watoto wachanga. Nahofia kesho tutatajiwa bei ya mbegu.

Mama Pacha: Ndugu, sina mbegu za kuuza. Nilikificha kinu kwa sababu ni cha shemeji yangu, na karo ya watoto wakubwa hutoka humo. Nikikitaja nyumbani, naonekana adui.

Mwalimu wa Kemia: Nakuamini, mama. Kuchemsha hakuondoi zebaki wala risasi. Maji yakipungua, risasi huzidi kukolea. Protini ya mlonge huvuta tope likatuama, na maganda hushika baadhi ya madini, lakini hujaa, na uwezo wake hutegemea uchachu wa maji. Kwa macho hutajua yamejaa lini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 0.01 za risasi na 0.006 za zebaki kwa lita, kiasi kisichoonjeka wala kuonekana. Omba chupa maabarani kwenyewe, uwaambie wapime zebaki, risasi na arseniki, maana kipimo cha vijidudu hakitaonyesha lolote kati ya hayo. Watoto wasinywe maji hayo kuanzia leo.

Mama Pacha: Tangu jioni ninakinga ya mvua kutoka paani. Maganda ya pipani niyamwage wapi? Ng'ombe wameanza kuyanusa.

Mwalimu wa Kemia: Usiwape, wala usiyatupe shambani. Yafunge kwenye mfuko wa plastiki mzito, uuweke pasiponyeshewa mpaka majibu yatoke.