Kikundi cha ngoma cha mtaani kiombe mkopo au ruzuku, na kiombe kwa nani?

Mpiga Chapuo ameandika:

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninaongoza kikundi cha ngoma chenye watu 19 katika mtaa mmoja ulio pembezoni mwa Dar es Salaam. Wengi wetu ni vijana, pamoja na akina mama watatu ambao ndio walimu wetu wa nyimbo. Tunacheza mdundiko hasa, na hualikwa kwenye harusi, kwenye kuwatoa wali, na mara chache kwenye hafla za viongozi, ambako malipo yetu huwa soda na nauli.

Masika yaliyopita yalituharibia ngoma tatu kati ya saba. Chumba tulichoazimwa na jirani kilivuja, ngozi zikalegea na kuanza kuoza kwenye vigingi, na msondo, ile ngoma yetu ndefu iliyokuwa ya marehemu babu yangu, ukapasuka ubavuni tulipojaribu kuukausha kwa moto wa makuti. Kuwamba upya tunaweza kuchangishana, lakini kuchongesha msondo mwingine hatuwezi.

Nilikwenda kuuliza msaada katika halmashauri moja. Afisa aliyenipokea, ambaye kwa kweli alinisikiliza vizuri, alinieleza kuwa njia aliyonayo ni ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, inayogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Akanipa fomu, na ndani yake kulikuwa na mahali panapotaka mwombaji aandike faida anayoitarajia kwa mwezi. Nilikaa na kalamu mkononi nisijue la kuandika, huku bwana mmoja mfugaji wa kuku aliyeketi pembeni yangu akimaliza fomu yake na kuondoka.

Naomba kuelimishwa mambo mawili. Kwanza, je, mnaona upo uwezekano wa kikundi kama chetu kupewa ruzuku, yaani fedha isiyorudishwa? Pili, katika nchi nyingine jambo hili hushughulikiwa na serikali kuu peke yake, au na ngazi za chini kama majimbo na mikoa? Nauliza hilo la pili kwa sababu Mfuko wa Utamaduni na Sanaa ninausikia redioni, lakini ninaowasikia wakitajwa ni wanamuziki na watu wa filamu, nao pia hukopeshwa.

Mkongwe wa Dansi amejibu:

Ndugu mleta mada, pole sana kwa msondo wa babu. Kabla hatujavuka bahari kutafuta mifano, tukumbuke kuwa jiji hili liliwahi kuwalipa wasanii mishahara. Bendi ya Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya umma ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, ambalo lilikuwa shirika la jiji na wala si la wizara. Ndiyo maana sisi wa rika letu mpaka leo tunasema "DDC Mlimani". Shirika hilohilo lilikuwa na kikundi cha ngoma, Kibisa. NUTA Jazz nayo, tangu mwaka 1964, ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi. Kwa hiyo anayesema kwamba sanaa kusaidiwa na ngazi iliyo chini ya wizara ni jambo geni hapa kwetu, hakuwahi kulipa kiingilio enzi hizo.

Kasoro ilikuwa kwenye vyombo. Magitaa, spika na ngoma vyote vilikuwa mali ya mwajiri, hivyo mwanamuziki aliyehama aliondoka na sauti yake tu, na shirika lilipoyumba, kikundi kiliyumba nalo. Kitaifa hali haikuwa tofauti sana: kikundi cha taifa cha ngoma kilichoundwa miaka ya mwanzo ya Uhuru kilivunjwa, na mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho sasa ni TaSUBa. Chuo ni jambo jema na mimi nimewaona vijana wake wakipiga ngoma mpaka mtu unasahau chakula, lakini kazi ya chuo ni kufundisha. Hakiwezi kuwamba ngoma za kila mtaa wa Dar es Salaam. BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ipo kwa sheria ya mwaka 1984 na kuendeleza sanaa ni sehemu ya kazi zake, ila vikundi vya mitaani huifahamu zaidi kwa usajili na vibali.

Ushauri wangu ni mmoja: fedha ikitoka popote, iwe ya mkopo au ya ruzuku, hakikisheni katiba ya kikundi inaandika wazi kwamba ngoma ni mali ya kikundi.

Msomaji wa Upanga amejibu:

Nitajibu swali la pili, kwa kuwa niliwahi kuishi Marekani kimasomo na nikalifuatilia.

Kule kuna mfuko wa taifa wa sanaa ulioanzishwa mwaka 1965, na sheria inautaka upeleke asilimia 40 ya fedha zake za ruzuku kwenye majimbo na kanda. Kila jimbo lina chombo chake cha sanaa, kinachopokea fungu hilo na kuliongezea fedha za jimbo lenyewe. New York ilitangulia hata kabla ya mfuko wa taifa, kwa kuunda baraza lake mwaka 1960. Zinazotolewa kwa kawaida ni ruzuku, na waombaji hupimwa na jopo ambalo ndani yake wamo wasanii na watu wanaoifahamu kazi yenyewe. Mtu anayejua bei ya ngozi ya mbuzi hatakuuliza faida ya mwezi. Atakuuliza mnafanya mazoezi wapi na nani anafundisha watoto.

Mfano unaonivutia zaidi ni Minnesota. Mwezi Novemba 2008 wananchi wa huko walipiga kura kukubali kuongezewa kodi ya mauzo kwa asilimia 0.375 kwa miaka 25, na wakaandika ndani ya katiba ya jimbo kwamba sehemu ya kodi hiyo, asilimia 19.75, iende kwenye sanaa na urithi wa utamaduni. Fedha hiyo haiishii makao makuu ya jimbo, kwa sababu yapo mabaraza 11 ya kanda yanayopokea maombi madogo ya vikundi vya vijijini na mijini.

Hata hivyo, nisije nikakupa picha ya peponi. Mwaka 2011 gavana wa Kansas alifuta kwa saini yake fungu lote la tume ya sanaa ya jimbo, na kwa kuwa fedha ya taifa hutolewa pale ambapo jimbo nalo limetoa, Kansas ikapoteza na ile ya Washington. Mwaka 2024 gavana wa Florida alifuta ruzuku za sanaa zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 32 kwa mkupuo mmoja. Tofauti ya majimbo hayo na Minnesota haimo katika mapenzi ya sanaa; imo katika mahali fedha ilipoandikwa. Jirani zetu Kenya, kwa Katiba yao ya mwaka 2010, waliziachia kaunti shughuli za utamaduni, na hilo nalo linafaa kutazamwa kabla ya kutazama Marekani.

Mhasibu Mstaafu amejibu:

Nimefanya kazi ya vitabu vya hesabu miaka mingi, kwa hiyo mniwie radhi nikiwa mkavu. Mikopo hiyo ya asilimia 10 haina riba, na bado ilibidi isitishwe mwezi Aprili 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Ikiwa fedha inayodaiwa iliweza kupotea, isiyodaiwa itapona vipi? Isitoshe, diwani yeyote atawauliza kwa nini ngoma zitangulie dawa za zahanati, na mnapaswa kuwa na jibu.

Mimi ningeomba vitu badala ya fedha: halmashauri imlipe fundi moja kwa moja, na shule ya msingi iliyo jirani iwape stoo isiyovuja. Stoo ingeziokoa ngoma zote tatu na isingegharimu hata shilingi.

Mpiga Chapuo amejibu:

Nawashukuru nyote, na shikamoo kwa Mkongwe wa Dansi. Hoja ya stoo imeniuma kwa sababu ni ya kweli. Hatukuwahi kuomba chumba, tuliomba fedha tu. Kuhusu kumlipa fundi moja kwa moja, Mhasibu wangu, nina wasiwasi: mzee anayetuchongea ngoma anafanyia kazi chini ya mwembe, hana mashine ya EFD ya kutolea risiti za kodi wala akaunti ya benki, na risiti yake ni kupeana mikono. Utaratibu wowote wa kumsaidia mtu wa ngoma lazima umfikirie na yeye.

Ile fomu nimeirudisha bila kuijaza. Mwenyekiti wa mtaa amekubali kuipeleka hoja yetu kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, tukianza na stoo, kisha fungu dogo la matengenezo ya vyombo katika bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai. Nimemwomba mmoja wa akina mama aje kulijibu swali la zahanati, kwa kuwa yeye ndiye anayeimba kliniki siku za chanjo ili watoto wasilie. Msondo uliopasuka tutakwenda nao. Kikao ni saa tatu asubuhi, na kijana wa bodaboda amekubali kuupakia.