Mjadala: Ubingwa wa kura wa vyuo vidogo vya Marekani uhesabiwe sawa na ule wa uwanjani?

Mzani
Wakuu, North Dakota State ya mjini Fargo inajihesabia mataji 18 ya taifa ya futiboli ya Kimarekani. Yachambue, utapata mafungu matatu. Kumi ni ya FCS, ngazi ya chini ya Divisheni ya Kwanza (2011 hadi 2015, 2017 hadi 2019, 2021 na 2024). Matano ni ya mtoano wa Divisheni ya Pili (1983, 1985, 1986, 1988 na 1990). Yanabaki matatu: 1965, 1968 na 1969. Haya hayana fainali nyuma yake, yalitokana na kura za mashirika ya habari. Nasema yasijumlishwe na mengine. Mwenye hoja aje nayo.

Kwa wasiofuatilia: NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo Marekani, haikuwa na mtoano wa taifa wa vyuo vidogo hadi 1973, ilipovigawa vyuo katika divisheni tatu. Kabla ya hapo shirika la habari la UPI lilikusanya kura za makocha tangu 1958, na shirika jingine, AP, likaanza yake 1960. Kuanzia 1964 kulikuwa na michezo minne ya kanda, ila washindi wanne waliishia hapohapo, hakuna aliyekutana na mwenzake. Ndiyo maana 1968 AP iliipa ubingwa North Dakota State, na UPI ikaipa San Diego State. Mabingwa wawili, na hawakucheza wao kwa wao.

Nahodha_B
Mzani, mabano ya mtoano, yaani nani anaingia na anakutana na nani, nayo hupangwa na watu mezani. Tazama 1973 hiyohiyo unayoitegemea. Divisheni ya Pili ilichukua timu nane tu. Tennessee State ya kocha John Merritt, yenye Ed "Too Tall" Jones aliyekuja kuchaguliwa wa kwanza kabisa na Dallas Cowboys mwaka 1974, ilimaliza 10–0 (imeshinda kumi, haikufungwa) na haikuwemo kati ya hizo nane. UPI ikaiweka nafasi ya kwanza. Ukifuta kura, umeifuta timu ambayo hakuna aliyeifunga.

Halafu kuna jambo ambalo kila mara linarukwa: ubaguzi. Florida A&M, chuo cha weusi cha kocha Jake Gaither, ilimaliza na rekodi ya 203–36–4 (kushinda, kufungwa, sare) katika miaka yake 1945 hadi 1969, na mchezo wa kwanza dhidi ya chuo cha weupe huko Kusini ulipatikana 1969, ilipoifunga Tampa 34–28. Timu isiyopewa wapinzani utaipimaje uwanjani? Kura ilikuwa na kasoro nyingi, lakini angalau jina lilionekana kwenye orodha.

Kocha wa Benchi
Tatizo la kura si kwamba ni kura. Ni siku zilipofungwa. Mfano wazi kuliko yote ni 1974. UPI ilifunga kura zake kabla ya mtoano, ikaitawaza Louisiana Tech. Timu ikaingia kwenye mtoano, ikatolewa nusu fainali na Central Michigan. Central Michigan ikaenda Sacramento ikaipiga Delaware 54–14 kwenye fainali. AP, iliyosubiri, ikaiweka Central Michigan juu. Kwa hiyo kuna "bingwa wa UPI wa 1974" aliyefungwa na bingwa halisi wa mwaka huohuo. Anayetaka kujumlisha mataji anieleze hilo analiandikaje.

Mzani
Nahodha, kuhusu ubaguzi sikupingi, ila usisahau kwamba NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, ilikuwa na fainali yake tangu 1956. Prairie View, chuo cha weusi cha Texas, ilicheza fainali ya 1963 na kufungwa 33–27 na St. John's ya Minnesota, ya John Gagliardi. Mlango ulikuwepo.

Nahodha_B
Mlango mwembamba. Na hiyo NAIA ndiyo usiitaje ukitaka ushindi wa uwanjani! Fainali ya 1956 kule Little Rock, Montana State na St. Joseph's ya Indiana, iliisha 0–0 na kombe likagawanywa. Wala hawakujifunza: 1984 Central Arkansas ilitoka 19–19 na Carson-Newman, 1985 ikatoka 10–10 na Hillsdale. Bingwa mara mbili mfululizo bila kushinda fainali hata moja.

Kocha wa Benchi
Mimi jedwali langu lina safu nne: nani alitoa taji, kura zilifungwa lini (kama ni kura), mtoano ulikuwa na timu ngapi, na kama fainali ilikuwa sare. Safu ya tatu watu huidharau. Divisheni ya Tatu ilianza 1973 na timu nne, kwa hiyo Wittenberg ilihitaji kushinda michezo miwili tu, wa mwisho ukiwa 41–0 dhidi ya Juniata. Mount Union ilipochukua taji lake la 13 mwaka 2017, mabano yalikuwa na timu 32: michezo mitano, ukipoteza mmoja umekwenda nyumbani. Yote mawili yameandikwa "bingwa wa taifa".

Pembe ya Uwanja
Delaware ya 1972 mnaiweka wapi? AP na UPI zote ziliipa ubingwa ikiwa na 10–0. Louisiana Tech mwaka huo ilikuwa 12–0, na mchezo wa kanda iliushinda 35–0 dhidi ya Tennessee Tech.

Mzani
Jibu lilipatikana mwaka uliofuata. Zote mbili ziliingia kwenye mtoano wa kwanza. Delaware ilitolewa raundi ya kwanza na Grambling, 17–8. Louisiana Tech iliiondoa Boise State 38–34 kwenye nusu fainali, kisha ikaifunga Western Kentucky 34–0 na kubeba kombe.

Nahodha_B
Hizo ni timu za 1973, Mzani. Swali lilikuwa la 1972. Na aliyeitoa Delaware, Grambling, ni chuo cha weusi. Hebu niambie, kabla ya mabano hayo Delaware ingekutana naye wapi?