Naomba ushauri: ufunguo wa gari unagoma kutoka kwenye swichi

Habari zenu wakuu. Nina gari dogo la otomatiki, la mwaka 2004. Wiki ya pili sasa ufunguo unaingia na gari linawaka vizuri, shida ni kuutoa. Unarudi hadi ACC (hatua ya kuwasha redio tu), hapo unaganda, LOCK (hatua ya kuutolea) haufiki.

Juzi niko Kariakoo, jua la saa saba, nikakaa dakika 20 natikisa usukani kama mtoto, huku kijana wa maegesho akinitolea macho. Ndipo nikagundua kitu: nikikanyaga breki na kuisukuma gia mbele pale kwenye P (ya kuegesha), mara nyingine nasikia "tik" chini ya gia, na ufunguo unatoka laini. Nisipousikia huo mlio, hata nifanyeje hautoki.

Fundi wa kwanza anataka tubadili swichi nzima. Wa pili anasema ni kaswichi kadogo chini ya gia, kale kanakoliambia gari kwamba liko P, kamechoka. Mimi naegemea kwa wa pili, maana ufunguo wa akiba nao unaganda vilevile, na betri inasoma volti 12.6, yaani iko vizuri. Shemeji alitaka kumimina mafuta ya kula kwenye tundu, nikamzuia. Yangenata na vumbi.

Aliyewahi kukutana na hili, hako kaswichi kanasafishika au ni kununua tu? Na nikibadili swichi nzima, ufunguo wangu wenye chipu utaendelea kuwasha gari?

Kwa sasa kila usiku unaponigomea nachomoa waya wa betri isiishe chaji, ndio nalala. Nimechoka jamani.