MJADALA: Majibu ya vipimo vya maji ya kunywa yabandikwe kijijini au yaishie ofisini?

Wakuu habari zenu, hili tulijadili bila kuweka vyama.

Machi 2022 Mto Mara, huku Tanzania, uligeuka mweusi, samaki wakaelea wamekufa. Kamati ya serikali ikaja na majibu kwamba ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na magugu yaliyooza, oksijeni ikaisha majini. Watu wengi waligoma kuamini. Mimi sisemi kamati ilidanganya, kinyesi kingi kweli kinaweza kuua samaki. Ila hawa ndo watu ambao 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara yakaingia Mto Tigithe, sasa leo uwaletee majibu ya mdomo tu wayameze?

Na tusiangalie migodi mikubwa peke yake. Nenda kwenye makarasha (mashine za kusaga mawe ya dhahabu) ya wachimbaji wadogo, kijana anakoroga zebaki na mchanga kwenye beseni kwa mikono mitupu, anaikamua kwenye kitambaa, maji yanamwagwa hapohapo, mvua ikipiga yote yanateremka mtoni na huko chini kuna mama anachota ndoo. Muulize, atakwambia mbona nachemsha. Jamani kuchemsha kunaua vijidudu, siyo dawa ya metali zenye sumu kama zebaki, risasi na arseniki! Risasi inabaki palepale, tena maji yakipungua jikoni ndo inazidi ukali, na huioni wala huisikii mdomoni. Kiwango cha juu cha risasi cha Shirika la Afya Duniani (WHO) ni mikrogramu 10 tu kwa lita, na ikiingia kwa mtoto inaharibu ubongo.

Msimamo wangu: maji yapimwe metali, siyo klorini na bakteria tu, na karatasi ya majibu ibandikwe ofisi ya kijiji.

MCHANGIAJI: Mkuu kwenye kuchemsha upo sahihi, ila kubandika namba kwa watu wasiojua kuzisoma ni kuleta taharuki. Wakiambiwa kisima kina arseniki na hamna kingine watakunywa nini? Halafu vipimo hivyo ni hela ndefu, halmashauri gani itaweza?

MTOA MADA: Gharama nakubali ipo, ndo maana sisemi kila kisima kila mwezi. Tuanze na visima vilivyo chini ya makarasha, mabwawa ya topesumu (matope yenye sumu ya migodini) na viwanda vya ngozi, na anayechafua alipie, Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema hivyo. Namba andika mbili tu, kilichopatikana na kinachoruhusiwa, hata mtoto wa darasa la nne anajua ipi kubwa. Na kama hamna kisima kingine ndo kabisa wanahitaji hiyo karatasi, maana bila hiyo utamdai nani bomba? Sampuli ichukuliwe mbele ya wanakijiji, chupa tatu zenye lakiri, moja kwa Mkemia Mkuu, moja kwa mwenye mgodi, moja maabara nyingine. Hilo la chupa tatu wewe unalipinga kwa lipi mkuu?