Baada ya kuchoka kabisa: nirudie mradi upi kati ya hii mitatu?

MwanaKisauni
Asalaam aleikum. Naomba ushauri, hasa kwa mliokwisha kuipita njia hii.

Niko mwaka wa tatu, nasomea kompyuta hapa Mombasa. Mwaka jana nilikuwa nikirudi nyumbani Kisauni, nakula, nawasha kompyuta saa tatu usiku mpaka adhana ya alfajiri. Mwezi wa Novemba mwili ukakataa. Nafungua faili niliyoiandika kwa mkono wangu, nasoma mistari, haiingii. Miezi mitatu sikugusa chochote. Mama alidhani nimepatwa na jicho.

Sasa hamu inarudi kidogo kidogo. Nina miradi mitatu ya pembeni. Wa kwanza ni programu ya oda ya khalati, anayeuza viazi karai na bajia Majengo. Wateja huagiza na kulipa kwa M-Pesa, na wachache wameshaanza kuitumia. Wa pili ni jedwali la maji kujaa na kupwa kwa wavuvi, linalojipigia hesabu ndani ya simu bila intaneti. Wa tatu ni kuchangia programu huria za watu kwenye GitHub, tovuti ya kuandika programu kwa pamoja, nipate cha kuonyesha nikitafuta nafasi ya mafunzo kazini.

Nina saa mbili Jumamosi na mbili Jumapili. Zaidi ya hapo siwezi.

FundiTudor
Pole sana, mdogo wangu. Ule wa malipo uweke kando. Mimi niliandika wa namna hiyo. Mteja anaombwa PIN kwenye simu yake, akiiweka pesa inatoka hapo hapo, lakini taarifa kwamba amelipa inakuja kivyake kwenye seva yako, ile kompyuta inayopokea oda. Seva yangu ilikuwa imezima, basi pesa imetoka na oda haipo. Nilipigiwa simu nikiwa mazishini. Pesa ya mtu haijui Jumamosi wala Jumapili.

BintiMkomani
Fundi, nakubali, ila asiuache kimya kimya. Khalati ni mzazi. Nenda ukae naye, mwambie hali yako, na hao wateja wachache uwarudishe kwenye daftari kabla hujazima kitu. Ukijificha, kila ukipita Majengo moyo utakuruka, na hilo nalo ni mzigo.

MwanaNgalawa
Shika mradi wa maji. Baba yangu ni mvuvi, nakueleza ninachokijua.

Maji yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndipo bamvua: tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, miamba inabaki wazi, watu wanashuka kutafuta pweza. Katikati yake ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Na pwani yetu, bamvua hupwa asubuhi kama saa nne au saa tano, kwa hiyo wazee wakiutazama mwezi tu wanajua lini washuke.

Kwa hesabu, anza na mawimbi mawili tu: la mwezi, linalojirudia kila saa 12 na dakika 25, na la jua, kila saa 12 kamili. Yajumlishe, utaona bamvua na maji mafu yakijitokeza yenyewe kwenye mchoro, takriban kila siku 14 na robo tatu. Siku niliyoliona jambo hilo nilimwita baba aje atazame.

Halafu ukiugua mwezi mzima, bahari itaendelea kujaa na kupwa bila wewe. Ila waambie watu wasiutumie kuamua usalama wao mpaka uujaribu sana.

DadaLikoni
Nafanya kazi ya afya. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliuingiza uchovu huu katika orodha yake kama hali inayotokana na kazi, si ugonjwa: nguvu kuisha, moyo kuikimbia kazi, na kujiona huwezi kitu. Lakini mdogo wangu, kama usingizi bado haurudi, au huzuni inakufuata hata penye mambo yasiyo ya kompyuta, usingoje mradi ukuponye. Muone daktari, au mshauri wa hapo chuoni.

KijanaChangamwe
GitHub isubiri. Unaweza kupeleka kazi ikakaa wiki bila kujibiwa, na ukiwa umechoka utadhani umekataliwa. Ukitaka kuchangia kidogo, Common Voice ya Mozilla inakusanya sauti za Kiswahili. Sikiliza sentensi tano, sema kama zimesomwa sawasawa, funga.

MwanaKisauni
Ahsanteni, nimesoma kila neno. Dada, usingizi umerudi tangu Februari, lakini kwa mshauri nitakwenda.

Nimekaa na khalati. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaninyooshea sahani, akasema daftari lake halijawahi kuzima. Wateja wote tumewapigia.

Jumamosi nimefungua faili ya maji, nikaweka mawimbi mawili, kisha nikashuka Mkomani na daftari. Programu ilisema maji yatageuka saa nne na dakika 40. Yamegeuka saa tano kasoro dakika tano. Nimeandika tofauti hiyo, dakika 15, nikarudi nyumbani kulala.

MwanaNgalawa, baba hutambuaje dakika yenyewe ya kugeuka? Mimi nilikuwa nikitazama kamba ya mashua.

MwanaNgalawa
Nitamuuliza akirudi jioni. Jumapili ijayo nikija ng'ambo hiyo nitashuka nawe.